Barua Kwenye Kamba ya Nguo

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima. Maabara yetu imetangaza siku ya familia: mashine yetu ya mionzi itazimwa, wazazi waingie waone kazi zetu. Nakuomba uje. Mara ya mwisho nilipokuja nyumbani hukunikumbatia, na kikombe nilichonywea ulikitenga. Niliumia. Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi.

Mwanao, kitinda mimba


12 Machi

Kitinda mimba wangu,

Marahaba. Goti linanisumbua asubuhi tu, likishapata moto linatulia. Sasa usinicheke. Barua zako huwa nazianika kwanza kwenye kamba ya nguo, jua liue hiyo mionzi ya kazini kwenu. Hii ya sasa imenyeshewa. Nimeambulia "nakuomba uje", kwingine kote wino umetapakaa. Nije wapi, lini? Mtoto haombi mama aje hivihivi. Unaumwa, unanificha? Niambie ukweli, nimeacha hata kula.

Mama yako


18 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza kulikoni. Siumwi, kula! Sikiliza: tunarusha chembe za atomu kwa kasi, zigonge kibamba cha kaboni. Zinavunjika, halafu sumaku zinachambua vipande kama wewe na mchele, tubaki na kile adimu tunachotaka kukichunguza. Nacho kinakufa hata hujapepesa jicho. Hicho kitapanda bahasha saa ngapi? Tena kila mmoja wetu anavaa beji ya kupima mionzi, na yangu haijawahi kunigombeza.

Njoo Jumamosi ya mwisho, saa tatu, nitakungoja getini. Na mvua ilifuta jambo hili, nalirudia: hukunikumbatia, mama. Niliumia.

Mwanao


4 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi na goti langu tulifika nyumbani salama, ingawa ngazi zenu zile, loh! Majirani nimeshawachosha na habari za sumaku kubwa kuliko kabati, na wakubwa wako walivyokuwa wakikusikiliza. Kichwa kimenivimba, acha kivimbe. Kikombe chako nimekirudisha pamoja na vingine.

Barua yako ile niliisoma palepale mlangoni, sikuianika. Ila sikudanganyi, mlinzi aliponivisha beji nilitaka kugeuza nirudi nyumbani. Alisema itasomwa jioni nikitoka, na ikasomwa: hamna kitu. Wewe ukafurahi, ukasema, "Umeona, mama?"

Lakini mimi nilikuwa nimeshakukumbatia tangu asubuhi.

Mama yako