Bawa la Kushoto

Jumatatu, 4 Agosti 1952
Nimesahihisha madaftari hadi shingo inauma. Mume wangu, Elia, bado yuko bandani kwa Mzungu. Huu ni mwezi wa tano tangu aanze kumuundia ndege ya mbao, ya kuruka kweli, kama anavyounda kabati. Meza ya mwalimu mkuu haijaisha. Kitanda cha Neema, binti yetu, hakijaanzwa. Temeke nzima wanamwita yule bwana Masharubu, nami sina mpango wa kumwita vizuri zaidi. Simpendi.

Alhamisi, 7 Agosti
Masharubu alikuwa kazini mjini, Elia akanipeleka bandani. Bawa la kushoto lilikuwa limelazwa juu ya magogo mawili. Akapanda, akasimama. Kisha akanipandisha mimi, akaniwekea nyayo juu ya boriti ya ndani, maana nikikanyaga pembeni nitatoboa kitambaa kilichofunika bawa. Ndivyo alivyo. Hajawahi kumkabidhi mtu kiti ambacho hajakikalia kwanza mwenyewe. Nilicheka sana.

Jumamosi, 9 Agosti
Imeruka. Masharubu peke yake. Akaipindua chali juu ya minazi, ikaporomoka, akainyanyua karibu kabisa na paa la jirani yetu, Bi Zuhura. Makuti yalipeperuka. Bi Zuhura alitoa matusi nisiyoweza kuyaandika hapa, na yote yalimstahili Masharubu. Mwendawazimu.

Elia alimwambia akapindukie juu zaidi. Ndege ikiwa chali hushuka, lazima iwe na nafasi ya kushuka. Akajibiwa kwamba huko juu wageni hawataona kitu. Yaani sisi tuhatarishwe ili wageni wake wapige makofi.

Alhamisi, 14 Agosti
Tumegombana. Jumamosi wageni wa Masharubu wanakuja kutazama, na Elia anataka kupanda naye.

"Mama Neema, mie ndiye nimeiunda. Nitamwachiaje mtu kitu sijakikalia?"

Nikamwambia kiti hakipinduliwi juu ya minazi. Akasema Masharubu ameahidi: wataenda, watarudi, hakuna kupinduka. Ahadi! Nimempakulia chakula bila neno.

Ijumaa, 15 Agosti
Bado simsemeshi.

Jumamosi, 16 Agosti
Elia amekufa.

Masharubu aliipindua. Wageni walikuwa wanapunga kofia, akaipindua. Kwa watu wawili ilikuwa nzito, ikashuka zaidi kuliko siku ile, na chini hapakuwa na nafasi. Shamba la mihogo. Elia alikuwa kiti cha mbele. Masharubu amevunjika mkono. Mkono tu.

Jumatatu, 18 Agosti
Tulimzika jana.

Leo amekuja Bi Zuhura, ambaye kaka yake ni askari. Masharubu ameandikisha polisi kwamba bawa la kushoto lilivunjika angani. Kazi mbovu ya fundi. Hakutaja kupinduka. Ameniulia mume, sasa anamharibia jina. Natamani ule mkono usipone.

Jumanne, 19 Agosti
Nimekwenda kwenye lile shamba la mihogo. Nilimkuta inspekta Mzungu, askari wawili, na Masharubu na bendeji yake. Pua ya ndege imejifukia ardhini. Bawa la kulia vipande vipande. La kushoto limelala juu ya matuta, zima, bado limeshikana na mwili wa ndege.

Sikumwamkia mtu. Nilivua viatu, nikapanda, nikaitafuta boriti kwa nyayo. Nikasimama. Masharubu akafoka nishuke. Nikarukaruka. Mara tatu, kwa nguvu zangu zote. Halikutoa hata mlio. Askari mmoja alianza kucheka, akaacha.

Nikamwambia inspekta, kwa Kiingereza changu cha kufundishia, aandike alichokiona. Aandike pia ndege ilipinduliwa juu kiasi gani, awaulize wenye kofia. Akatoa kalamu. Masharubu akageukia mihogo.

Sikulia mbele yake. Nililia njiani.

Ijumaa, 5 Septemba
Shule imefunguliwa wiki hii. Watoto wametulia kuliko kawaida.

Jioni Bi Zuhura amefuata kigoda chake alichomwagiza Elia. Elia alikuwa amekipiga msasa siku moja kabla ya kufa, akakiacha pembeni. Bi Zuhura akanyoosha mikono akipokee.

"Subiri kidogo, dada," nikamwambia.

Nikakiweka sakafuni, nikakikalia. Kimetulia vizuri. Nikainuka, nikampa.