Ghorofa Iliyopandwa kwa Kidole

Mshauri mpendwa,

Naandika kukuomba msaada, ingawa kwa desturi mimi ndiye huombwa, kwa kuwa nina shahada ya ukadiriaji majenzi na nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote katika ofisi ya mjomba wangu, ofisi yenyewe ikiwa chumba kimoja ambamo mifuko ya saruji ndiyo viti vya wageni. Mjomba huyo, mkandarasi aliyenisomesha, pamoja na fundi wake mkuu wamekuwa wakikadiria kazi kwa kusimama uwanjani, kukunja uso na kutaja siku, jambo nililoapa kulikomesha, ndipo nikawatengenezea jedwali la kompyuta lenye safu kumi na nne, ya tofali, ya mchanga, ya vibarua, ya siku za kila fundi, ukigusa namba moja nyingine zote zinajirekebisha zenyewe.

Tunamjengea mwalimu mstaafu nyumba yenye ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Nilipima kwa saa ya mkononi tofali anazojenga fundi kwa siku huku chini, nikaandika fomula, nikaiburuta hadi mistari ya ghorofa zote, nikapata siku arobaini na mbili, mjomba akamwahidi mwalimu siku hizo, mwalimu naye akaaga kule anakopanga, anatoka mwisho wa mwezi, na leo siku zimekwisha huku ukuta wa juu kabisa ukiwa kiunoni.

Nikasema mbele ya watu wote kwamba mafundi wanategea. Fundi mkuu, mzee tunayemwita Timazi, kama ile kamba ya kunyooshea ukuta, kwa sababu hapindi, akaweka mwiko chini. "Mwanangu," akasema, "wewe ghorofa umeipanda kwa kidole. Sisi tunaipanda kwa magoti." Vibarua wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Nikamjibu kwamba dhihaka si hoja, alete takwimu. Akavaa shati lake akaondoka, na mafundi wanne wakamfuata.

Mjomba ameniambia, "Mrudishe kabla ya Ijumaa, ama uende na jedwali lako." Je, ukweli uliokwisha kuthibitishwa huombewa radhi?

Msomi Asiyeeleweka

Msomi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kuwa sikuamini. Kosa umelitaja mwenyewe, kwa lugha nzuri, kisha ukalipita bila hata kulisalimia. Ulimpima fundi huku chini, tofali likiwa hatua mbili kutoka mkononi mwake. Fomula ukaiburuta juu. Na tofali je, nalo uliliburuta? Maji aliyapandisha nani? Katika safu kumi na nne hakuna hata moja ya ngazi. Mzee alikuwa amekwisha kukupa takwimu uliyoidai, ile ya magoti, wewe ukawa unatafuta la kumjibu.

Nakuhurumia, maana jedwali si baya, na mjomba wako hakupaswa kuahidi siku ambazo hakuzipima mwenyewe. Hilo mwambie, kwa adabu. Lakini kuwaita wategeaji watu ambao jasho lao ndilo lililokusomesha, hapo umenichosha. Ukweli hukuwa nao. Ulikuwa na ghorofa moja, ukainakili mara mbili.

Kesho asubuhi vaa viatu vya kazi. Pandisha tofali mbili mbili kutoka kwenye rundo hadi ukuta wa juu, safari ishirini, saa mkononi, kama ulivyowapima wenzako. Andika ulichopata ukiwa bado unahema, hiyo ndiyo safu ya kumi na tano. Kisha waombe wale wanne mwende pamoja kwa Mzee Timazi, bila kompyuta, ukiri mbele yao kwamba ulikosea, kwa kuwa tusi nalo lilikuwa la hadharani. Usimweleze kwa nini ulikosea. Anajua.

Akikubali kurudi, muulize siku zilizobaki, na tarehe atakayokupa umpelekee mwalimu wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo, awahi kuomba muda kule anakopanga. Mzee atakunja uso kabla ya kutaja. Usimkatize. Anapanda ngazi.