Glasi ya Maji Niliyoikataa Mpitimbi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia tena, ila mdomo wangu unakataa kusema na wewe kabla ya kukuamkia.

Tangu tulipokuzika mwaka jana nimekuwa nikitaka kukuandikia, kisha naahirisha. Leo kuna jambo nimeliamua, na nimeona wewe ndiye unayestahili kuambiwa. Lakini lazima nianzie siku ile ya kwanza, maana mimi na wewe hatukuwahi kuizungumza sawasawa.

Deo alinileta kwako Mpitimbi mwezi wa sita, baridi ikiuma. Nilikuwa na wiki tatu tu Tanzania, Mkenya wa Homa Bay, nimemfuata mume aliyepata kazi kwao Songea. Ulinikumbatia, ukaniketisha, ukaniletea maji ya kunywa kwenye glasi safi juu ya sahani. Nikasema asante, nikaiweka chini. Halafu nikafungua mkoba wangu, nikatoa chupa ya maji ya dukani, nikanywa mbele yako.

Shangazi yake Deo ndiye aliyesema. "Jamani, mgeni kaja na kisima chake!" Watu wakaangua kicheko. Wewe hukucheka. Uliichukua ile glasi, ukayanywa maji yote polepole, ukarudi jikoni. Jioni ulinisogezea kikombe cha togwa, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Hii imepikwa, mwanangu." Nilikunywa vikombe viwili, na aibu yangu kubwa kuliko kiu.

Kwenye nyumba yetu ya kupanga pale Msamala, Songea mjini, sikubadilika. Deo alibeba katoni za maji kila Jumamosi. Chupa tupu zilijaa stoo mpaka mlango ukawa haufungi.

"Akinyi, mbona watu wengine wana chujio nyumbani?" alikuwa akiniuliza. "Sisi tutabeba katoni mpaka lini?"

"Chujio nitalisafisha mimi, na nikikosea sitajua," nilimjibu. "Chupa imefungwa kiwandani."

Tulibishana hivyo mwaka mzima. Sikumwambia sababu. Alidhani ni ugeni tu, kwamba siku moja nitaizoea nchi yenu.

Neema alipozaliwa ulikuja kunikanda na kunipikia uji. Asubuhi moja ulikuwa unakunja nepi, ukaniuliza bila kuniangalia, "Mwanangu, maji yangu yalikuwa na nini siku ile?"

Nilitaka kudanganya. Nikajikuta nakueleza habari za Ouma. Mdogo wangu, alikuwa na miaka minne, mimi tisa. Alikuja kutoka kucheza akasema ana kiu. Nikachota maji kwenye ndoo yaliyotoka ziwani, ambayo mama alikuwa hajayachemsha bado, nikampa. Kesho yake alianza kuhara na kutapika. Hakufika hospitali. Nyumbani hakuna aliyeniuliza nani alimpa maji, nami sikusema, si kwa mama yangu, si kwa Deo.

Uliacha nepi. Nilidhani utasema ni mapenzi ya Mungu, kama kila mtu alivyosema msibani. Ukasema, "Mtoto wa miaka tisa anatoa maji aliyoyakuta ndani. Hilo halikuwa lako kulibeba." Kisha ukaniambia, "Na mimi nilidhani unatudharau. Unisamehe." Wewe ndiye uliyeomba msamaha, mama! Nililia mpaka Neema akaamka.

Hata hivyo chupa niliendelea nazo. Hofu haisikii maneno mazuri.

Neema alikuwa na miezi minane, wewe umekuja tena kutusalimia, alipoanza kuharisha. Tulimpeleka hospitali asubuhi, nimembeba, nikimwona Ouma kila nikimtazama. Muuguzi alimpa maji yenye chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, akaniuliza, "Mama, mtoto anakunywa maji gani?" Nikajibu kwa haraka, kama mtu anayejitetea, "Ya chupa! Ya chupa tu!" Siku ya pili Neema alianza kucheka. Sijui mpaka leo kilichomuumiza ni maji, ni mikono yangu, au ni kitu alichookota sakafuni. Ila tuliporudi nyumbani ulichukua chupa moja iliyobaki kwenye katoni, ukazungusha kizibo. Kilifunguka bila kulia hata kidogo, kama kilichowahi kufunguliwa.

"Hii nani aliijaza?" uliuliza.

Nilikipokea kile kizibo, nikakikagua, nawe ukaendelea:

"Basi tuyachuje wenyewe. Tukikosea, tutajua ni sisi, na kesho tutarekebisha."

Tulikwenda wote sokoni siku hiyohiyo. Muuzaji wa machujio alitueleza: ndoo mbili, moja juu ya nyingine, ya juu ina mishumaa miwili ya kauri inayozuia uchafu, ya chini ina bomba la kuchotea. Wewe hukujali maelezo. Ulimuuliza, "Na wewe kwako unakunywa haya?" Akacheka, akafungua ndoo yake iliyokuwa nyuma ya meza, akatukingia kikombe. Ukanywa. Mimi nikatazama pembeni.

Nyumbani ukaweka sheria zako. Maji yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yachujwe. Uliona bora kuzidisha kuliko kupungukiwa. Mishumaa isuguliwe taratibu kwa maji safi, bila sabuni. Mikono ioshwe kabla ya kugusa bomba. Kisha ukaniambia, "Nitaanza mimi. Nikiugua, utaona." Siku tatu nzima ulikunywa peke yako, na kila asubuhi ulinijia ukiwa umesimama wima, ukipigapiga tumbo lako kama ngoma. Siku ya nne nilijikingia mwenyewe. Nikanywa nusu, nikapumzika, nikamalizia. Ulikuwa unachambua maharage uani, ukajifanya hujaona.

Mama, sasa Neema ana miaka sita na anasema Kiswahili cha Songea vizuri kuliko mimi. Ile stoo imekuwa chumba cha kushonea. Mwezi uliopita alihamia jirani mpya, dada kutoka Malawi, mume wake anafanya kazi hapa mjini. Alikuja kuniuliza duka gani linauza katoni za maji za kuaminika. Nilimkaribisha ndani. Sikumwambia anakosea, kwa sababu sijui yeye alimzika nani. Nilimwambia nilivyoishi mimi na nilivyobadilika, nikamwambia safarini bado nanunua chupa, nakagua kizibo kwanza. Akaniuliza, "Hukuogopa?" Nikamwambia naogopa hata sasa, ila hofu yangu siku hizi ina kazi ya kufanya.

Alipoondoka ndipo nilipoamua jambo lenyewe. Tangu nije huku sijarudi Homa Bay. Nilimwambia kila mtu ni umbali, na watu wakaniamini kwa sababu ni mbali kweli. Deo amechukua likizo, tiketi tunazo, tunaondoka Jumanne sisi watatu. Mama yangu amezeeka, na nimehesabu miaka ambayo mimi na yeye tulikaa chumba kimoja bila kulitaja jina la mwanawe. Nimemwambia kwenye simu, "Mama, ninakuja, na kuna kitu nataka kukueleza kuhusu Ouma." Akasema, "Njoo. Na mimi nina cha kukueleza kuhusu maji ya siku ile."

Pumzika kwa amani, mama.

Mkamwana wako,
Mama Neema