Mpira wa Breki Nimeufunga, Shemeji

Ijumaa, jioni. Mvua imeshinda ikinyesha Mapinga tangu asubuhi na uwanja mzima ni tope. Mimi nina furaha, ila si ile ya kumwombea mtu heri.

Naandika nikiwa na mafuta ya breki kwenye kucha. Nimenawa kwa sabuni ya unga, harufu haitoki. Sijali.

Kwa asiyemjua: Abdu ni mdogo wa mume wangu, fundi magari Bagamoyo mjini. Mwezi uliopita nilimpelekea gari langu kwa sababu mpira wa breki wa gurudumu la mbele ulikuwa umepasuka, unavuja. Jioni akanirudishia ufunguo akasema, "Mpira wa breki nimeufunga, shemeji. Tembea bila wasiwasi."

Nikatembea bila wasiwasi hadi siku lori la mchanga liliposimama ghafla mbele yangu. Nikakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Mama yangu, ninayeishi naye, alikuwa kiti cha mbele. Nikavuta breki ya mkono, nikaingia kwenye mihogo ya watu. Mama hakuumia, lakini tangu siku ile hapandi gari langu. Anasema sijui kuendesha. Kliniki ya presha anakwenda kwa bajaji, na gari la mwanawe lipo uani.

Hilo limeniuma kuliko ajali yenyewe.

Abdu aliposikia alicheka. "Wanawake na usukani," akamwambia kaka yake, kisha akamwambia mama kwamba sijui kuendesha.

Leo mimi na mume wangu tumefungua tairi. Mpira ni uleule wa zamani, umezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kukazwa kwa waya.

Ameufunga kweli. Kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni.

Mume wangu, aliyewahi kuwa utingo wa malori, amenielekeza, lakini spana nimeshika mimi. Nimeutoa ule wa zamani, nikaweka mpya niliokwenda kuuchagua mwenyewe, nikajaza mafuta. Kisha tukatoa upepo kwenye breki: yeye anakanyaga pedeli, mimi niko chini nalegeza nati na kukaza, mapovu yananirukia usoni, mpaka mafuta yakatoka safi. Tumelijaribu barabarani. Linasimama pale pale ninapotaka.

Mume wangu ananiomba nimsamehe mdogo wake. Nimemwambia nitamsamehe, baada ya harusi.

Maana kesho Abdu anaoa, na gari la bwana harusi ni hili hili langu. Alipiga simu nikiwa bado nanawa. Akazunguka weee, mara hali ya mama, mara mvua, mwishowe sauti ikapungua.

"Shemeji, eti... ule mpira wa breki vipi?"

"Umefungwa, shemeji. Tembea bila wasiwasi."

Hawezi kuniuliza umefungwa vipi bila kukiri alivyoufunga yeye, na hawezi kumpandisha mke mpya bila kujua. Itabidi achungulie mwenyewe, na ili auone itabidi alale chini, kwenye tope.

Ataukuta mpya, unang'aa. Mimi sitaki mtu afe. Nataka alale tu.

Kesho atakuja kuchukua gari akiwa na kanzu nyeupe. Mama nitamtolea kiti barazani, amwone vizuri mtu aliyemwambia kwamba sijui kuendesha.

Mvua imeanza tena. Inyeshe.