Nguo Isiyokatwa

Wamaza, tarehe 12 mwezi wa tatu 1949

Mutoto wangu Feza,

Salamu nyingi sana. Hapa tuko wazima, ila goti langu limenichukia tangu kazi ya barabara ya serikali. Na wewe? Unakula? Unalala? Anayeandika ni jirani yangu Grégoire, katekista. Maneno ni yangu, mukono ni wake.

Mume wako Amuri alikuwa mukwe mwema, Mungu amurehemu. Siku ya mazishi nililia mbele ya watu, sikuona haya. Sasa ndugu yake Ramazani alikuja hapa na adabu zake zote. Anataka akurithi eda ikiisha. Nilimuambia ndiyo. Mwanamuke peke yake ndani ya nyumba huko Kasongo, nani atamulinda? Usinikasirikie.

Ni mimi baba yako,
Atumani

Kasongo, tarehe 2 mwezi wa ine 1949

Baba yangu mupenzi,

Salamu alekum. Mimi niko muzima, nakula. Goti lipake mafuta ya mawese ya moto, usilionee aibu.

Nimekasirika, Baba. Grégoire alisome hili kwa sauti kubwa. Ramazani alichukua masini ya kushona ya Amuri hata udongo wa kaburi haujakauka. Sasa anataka na mimi niwekwe juu ya masini! Hapana. Sitaki, na nikiulizwa tena nitasema sitaki.

Masini alichukua, lakini bobini za uzi aliziacha, sanduku zima. Alidhani bila masini hazina kazi. Basi nimesimamisha kitanda cha kufumia humu ndani, kama kile chako. Wewe unafuma muale kwa muale, nyuzi za majani matupu. Mimi nyuzi za kusimama nimeweka pamba ya Amuri, na za kupita ndizo muale. Eda imenifungia nyumbani, mutu hanioni, nafuma tu. Nikipata kazi ya mikono yangu, nitakaa katika nyumba yangu na mutu hatanirithi.

Nakutumia chumvi kidogo.

Mutoto wako,
Feza

Wamaza, tarehe 20 mwezi wa ine 1949

Feza,

Salamu. Tuko wazima. Mafuta nilipaka, goti linanuka mawese lakini linatembea. Chumvi imefika.

Na kile kitambaa ulichofungia chumvi, nani amekiharibu namna ile? Kimejikunja kama uso wa mutu aliyeuma limau! Grégoire anaandika huku anacheka.

Kwanza, kwetu mwanamuke hakai kwenye kitanda cha kufumia. Baba yangu hakukubali, na mimi sikubali. Hilo nimelisema.

Pili, ulipulizia maji. Usikatae, nakujua. Ulipokuwa mudogo ulikaa ukinitazama nikijaza maji kinywani, nikipulizia nyuzi zote, na wewe umefanya vilevile. Muale unataka maji, mukavu unakatika. Lakini pamba ikilowa inajivuta, na nyuzi zikikauka kila moja inarudi njia yake. Ndiyo maana kitambaa kimekunjana. Muale ufunge peke yake ndani ya jani la mugomba, ulale humo, asubuhi ufume. Pamba isione hata tone. Halafu usigonge nyuzi hivyo. Umegonga kama unamupiga Ramazani. Na kile unachogongea ni mwiko wa ugali, nimeona alama zake. Haya gani hii!

Sijakuruhusu. Nasema tu kwa sababu kitambaa kibaya kinaniumiza macho.

Tena kumbuka desturi. Nguo iliyo kitandani haiachwi, na mufumi hahamishwi nyumbani mwake mpaka kitanda kiwe tupu. Hata kapita, musimamizi wa kazi ya barabara, alipokuja na askari kunichukua, alingoja mulangoni hadi nikate. Anayemuhamisha mufumi kabla ya hapo anabeba balaa hadi nyumbani kwake, na Ramazani analijua hilo, babu yake alikuwa mufumi. Basi maliza upesi, ukate, mwisho wa eda usikukute nguo iko kitandani.

Nitumie bobini moja. Kuna kitu nataka kuona.

Baba yako,
Atumani

Kasongo, tarehe 9 mwezi wa saba 1949

Baba,

Salamu alekum. Goti liko namna gani? Mimi afya iko, moyo ndio hauko. Bobini nilikutumia zamani na mufanyabiashara wa Kabambare, na wewe ukanyamaza. Ilipotea? Au umenikasirikia?

Nilifanya ulivyosema, jani la mugomba, pamba kavu. Nguo ilinyooka, Baba! Zako zilikuwa na urefu wa jani la muale, ukitaka kubwa lazima ushone vipande. Hii yangu ni ndefu kupita mulango, na haina mushono hata mumoja. Véronique, mwalimu wa wasichana, aliigusa akasema anaitaka kwa pazia, na wenzake wanataka pia.

Lakini eda imekwisha. Ramazani alikuja na shangazi zake kunichukua. Nilimuonyesha kitanda. Alirudi nyuma kama ameona nyoka. Akauliza, "Itaisha lini?" Nikaketi nikafuma. Sasa ameleta kiti chake barazani, kila asubuhi anachungulia. Anasema, "Siku ukikata, jioni yake uko kwangu."

Na nyuzi zilizobaki kitandani ni urefu wa shibiri moja tu. Nikimukatia Véronique pazia lake, nimekwisha. Nisipokata, kazi gani hii isiyofika kwa mununuzi? Naogopa, Baba, nakuambia ukweli. Wewe ndiwe uliyesema ndiyo. Usininyamazie tena.

Mutoto wako,
Feza

Wamaza, tarehe 14 mwezi wa saba 1949

Mutoto wangu,

Usikate! Salamu zitakuja baadaye. Grégoire anaondoka sasa hivi na baisikeli yake, nimemuambia asilale njiani, hata kijijini Lusangi asisimame kusalimia.

Bobini haikupotea. Nilinyamaza kwa sababu ilinichukua akili. Nilitandika pamba kama wewe, nikajaribu kitu ambacho sikukiweza maisha yangu yote, yaani fundo. Fundo la muale likifika kwenye vijiti vya kutenganisha nyuzi linakatika, ndiyo sababu nguo zetu zinaishia jani linapoishia. Fundo la pamba linapita. Niliruka, na goti hili!

Fanya hivi. Nenda nyuma ya kitanda. Shika mukia wa kila uzi wa zamani, uufungie uzi mupya wa bobini. Zote, usiruke hata mumoja. Vuta polepole hadi mafundo yapite kwenye vijiti, kisha fuma kipande kwenye nyuzi mupya. Ndipo umukatie Véronique pazia lake mbele, na kipande kinachobaki ukifunge tena kwenye muti wa mbele wa kitanda. Kitanda hakitakuwa tupu.

Ramazani nimemuandikia: "Neno langu liko palepale. Kitanda cha Feza kikiwa tupu, uje kumuchukua." Wazee wa zamani walioweka desturi walisema angoje. Hawakusema nguo iwe na urefu gani.

Grégoire amebeba upanga wa muti wa kugongea. Ulikuwa wa baba yangu. Mwiko urudishe jikoni. Na gonga polepole, mutoto wangu, mimi niko nyuma yako.

Baba yako,
Atumani

Kasongo, tarehe 3 mwezi wa pili 1951

Baba yangu mupenzi,

Salamu alekum, wewe na Grégoire na goti. Tuko wazima hapa. Muale uliotuma ni muzuri, tuma mwingine mvua ikipungua. Nguo yako nyekundu niliiona kwa wafanyabiashara, kumbe na wewe unafunga mafundo siku hizi! Ila pembeni umevuta sana. Nasema tu kwa sababu inaniumiza macho.

Tangu pazia la Véronique nimekata nguo nyingi, kitanda hakikuwa tupu hata siku moja, na Ramazani alichoka kungoja, ameoa huko Kabambare. Jana alikuja kuchukua kiti chake barazani. Alisimama mulangoni, akatazama kitanda, akasema, "Feza, sina dai tena juu yako. Kata tu nguo yako, upumzike."

Nilimushukuru. Alipoondoka, nilienda nyuma ya kitanda nikafunga nyuzi mupya.

Ni mimi mutoto wako, mufumi,
Feza