Barua Mbili Chini ya Viazi

Bibi Roelien mpendwa wa redioni, naomba unisaidie, na anayeandika haya ni binti wa maktaba ninayemtamkia maneno, kwa sababu mimi Sietse, miaka sabini na moja, sijui kusoma, na mke wangu Jeltje hajui kwamba sijui, miaka arobaini na minne nimemwachia barua zote nikisema posta si kazi ya mkamua ng'ombe, naye anacheka tu. Machi alipasuliwa jicho, akafungwa bandeji, ikaja barua ya majibu ya kile kipimo cha choo cha kutafuta saratani ya utumbo, akaniambia nimsomee, nikaikodolea macho, nikaona namba mia mbili na kumi na mbili, na kwetu watu wa maziwa namba kubwa ndiyo nzuri, nikamwambia, "Uko salama, mama, tena sana." Akanibusu. Ikaja barua ya pili, nikaogopa, nikazificha zote bandani chini ya viazi. Sasa ni Septemba, amekonda, anatoka damu chooni, na kwa daktari hataki kwenda, anasema kipimo kilikuwa kizuri, hiyo ni bawasiri. Juzi nilizitoa kwa siri, binti huyu akanisomea kabla sijazirudisha: namba ikizidi arobaini na saba ni hatari, na walimpangia aonwe hospitali Aprili. Bibi, nimemuua mke wangu? Isome redioni saa nne, tukinywa kahawa, maana mimi mdomo haufunguki.

Jibu la Roelien

Sietse, nimeisoma yote kama ulivyotaka. Jeltje, pole sana mama, weka kikombe chini. Na wewe baba, usithubutu kuzima hiyo redio.

Kama umemuua, sijui. Anayejua ni daktari, na umemnyima miezi mitano. Kutojua kusoma si kosa lako, wengi nchi hii wanaficha hivyo hivyo, nawaonea huruma. Lakini kumwona mkeo anakonda ukanyamaza, huko ni kujipenda. Nawe Jeltje, ukiona damu unakwenda, hata karatasi iseme nini.

Mpigieni daktari wenu leo hii. Sietse, sema wewe: anatoka damu, kipimo chake ni mia mbili na kumi na mbili, alikosa miadi ya Aprili, nataka aonwe wiki hii. Wakisema wataleta barua, waambie, "Mimi sijui kusoma, nielezeni kwa mdomo." Na usiitikie jambo ambalo hujalielewa.

Ila kwanza nenda bandani ukazilete zile barua. Usimsimulie. Mpe azisome mwenyewe, kwa sauti, nawe kaa hapo mezani usikilize mpaka mwisho.