Amri Kumi na Mbili na Vitufe vya Kitinda

Jumatatu, 3 Machi

Kura ni Jumamosi. Tuko tisa tunaotengeneza hii distro yetu, yaani toleo letu la Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwa kujitolea, na tumegawanyika katikati. Wanne wanataka kisakinishi, programu ya kuiweka kwenye kompyuta, chenye madirisha na vitufe. Wanne hawataki. Wa tisa ni mimi! Mwenyekiti amenipigia leo nikiwa kazini, nimeinama juu ya printa ya maktaba, mikono wino mtupu. Nimeamua nini? Nikamkumbusha kwamba ule mwongozo wa kuiweka kwa kuchapa amri kumi na mbili niliuandika mimi, sasa anategemea jibu gani? Akacheka. Akasema sawa, ila kazi ya mdogo wangu iwe imefika kwenye seva Ijumaa saa kumi jioni. Isipofika, ajenda inafutwa.

Maana anayetengeneza hayo madirisha ni Kitinda. Mdogo wangu wa tumbo moja, kitindamimba. Ana ndevu sasa, lakini kwangu ni Kitinda tu. Miezi mitatu amejifungia. Haonyeshi mtu kazi mbichi, hata seva ya mradi hajaigusa. Kila kitu kiko kwenye diski yake ya nje, ile ya bluu, anatembea nayo mfukoni kama kitambulisho.

Msimamo wangu, niuandike hapa nisije nikaulegeza: distro yetu si ya kila mtu. Aliyeandika amri kumi na mbili kwa mkono wake anaijua nyumba anayohamia. Aliyebonyezewa, siku bomba likipasuka hajui hata koki iko wapi. Nimemaliza.

Sijamaliza. Wiki tatu zilizopita Kitinda alinipa flashi yenye kazi yake. "Dada, angalia wewe kwanza." Tukagombana kabla sijaichomeka. Baadaye nikamwambia nimeifuta, nimeweka mafaili ya kazini. Uongo. Iko kwenye droo pamoja na kalamu zilizokauka.

Jumatano, 5 Machi

Mama naye! Anataka "hiyo ya kwenu" kwenye laptop yangu ya zamani niliyompa. Anasema amechoka kutusikiliza tukigombania kitu asichokijua, kila akipakua chakula.

Mama alikuwa mpiga chapa miaka thelathini na moja. Mausi haiwezi, anaisukuma kama anafuta meza. Lakini mpe kibodi uone! Vidole vinakwenda vyenyewe, macho hayatoki kwenye karatasi. Nimemchapishia mwongozo wangu, kurasa mbili. Kesho atafanya peke yake, hataki msimamizi. Nimefurahi kichinichini. Jumamosi nitawaambia: mama yangu, miaka sitini na nane, ameweza kwa amri. Nani atapumua?

Kitinda alikuwa palepale, anamwekea nyimbo asikilize kwenye laptop. Aliniangalia tu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Saa sita Mama amenipigia: "Imekubali!" Nimerukaruka kati ya rafu za vitabu mpaka msomaji mmoja akaninyamazisha. Nikapitia kwake kumpongeza. Nikamkuta Kitinda kasimama jikoni, ameshika diski ya bluu.

Aliisahau jana. Alimwekea Mama nyimbo kutoka humo, akaiacha imechomekwa.

Amri ya tatu inafuta diski yote. Hapo mimi niliandika mfano wa jina ambalo kompyuta huipa diski, sdb, na chini kwa herufi ndogo: weka jina la diski yako. Mama kachapa sdb. Na kwenye laptop yake, sdb ilikuwa ile diski ya bluu. Distro yetu imekaa humo vizuri kabisa, haina kasoro hata moja. Miezi mitatu ya Kitinda imekwenda na maji.

Nilimuuliza Mama, hukuona zile herufi ndogo? Akanikazia macho juu ya miwani. "Niliziona. Bosi wangu naye alikuwa anajiandikia vitu chini ya ukurasa. Hivyo havichapwi. Na kilichoandikwa juu sikibadilishi — ningebadilisha maneno ya watu, ningekaa kazini miaka thelathini na moja?"

Kosa ni la mwandishi, basi. Ni langu.

Kitinda hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akamwambia Mama hana kosa. Kisha kwangu, taratibu: "Na ile flashi uliifuta."

Mama akauliza flashi gani. Nikasema nimechelewa kazini. Nimeona haya njia nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimeitoa flashi kwenye droo, nikaiwasha kwenye mashine moja chakavu ya maktaba.

Nilitaka kuichukia. Nilijaribu, kweli.

Haihitaji mausi. Yote inakwenda kwa kibodi, herufi kubwa za kusomeka bila miwani. Kwa nani, kama si kwa Mama? Ikifika kwenye diski inasimama: "Hii ina mafaili 2,114. Yote yatafutika. Andika NDIYO." Nilibaki nimeitazama. Jana ingemwambia. Pembeni kila hatua kuna kitufe: Nionyeshe amri. Nikabonyeza. Amri zangu. Zote kumi na mbili, na maelezo yangu hata koma haijahamishwa. Nikafungua msimbo, maandishi ya ndani ya programu, na juu yake kaandika: "Maneno ya Dada. Usiyaguse."

Nimelia chumba cha printa kama mtoto. Nampenda huyu mjinga, na nilimdanganya kwa kiburi tu.

Saa tisa alasiri, ujumbe wa Mwenyekiti: sioni kitu kwenye seva, nifute ajenda? Nikimnyamazia, nimeshinda. Nimempigia Kitinda mara tatu, hapokei. Nikaomba ruhusa kazini.

Nimemkuta kwa Mama, bado anachokonoa diski ya bluu, anatafuta kilichobaki. Nikaweka flashi mezani. Nikasema: sikuifuta, nilikudanganya, nisamehe.

Mama: "Kumbe!" Mara moja tu, ikatosha.

Kitinda aligeuza flashi vidoleni weee. Akauliza: "Uliiangalia?" Nikasema leo. Akasubiri. Nikasema ni nzuri. Akaangalia pembeni, akajikuna ndevu. Kazi ya wiki hizi tatu za mwisho haimo, lakini ya kupigia kura imo.

Sasa ni saa tisa na dakika hamsini. Kwenye laptop yangu faili niliyoinakili kutoka kwenye flashi inapanda kwenda kwenye seva — asilimia sitini na moja. Mama hakutaka kusubiri. Kaichukua flashi, kaichomeka kwenye laptop yake. Tumekagua mara nne kwamba hakuna kingine kilichochomekwa. Anakwenda haraka, naandika huku namsikia. Amefika kwenye diski. Vidole vimesimama hewani.

"Hapa pameandikwa NDIYO. Ni mfano, au nichape?"

Tumefungua midomo wote wawili pamoja. Kitinda kaufunga wake. Ananitazama, anasubiri nijibu mimi.